Niliposhitakiwa kwa Kukutwa na Mume Wangu

Sehemu ya Tano

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, ngoja nimpitishe haraka asibaki nyuma.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Nilifundisha miaka kumi na minane, kisha nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja nikapata ruhusa ya masomo, nikaenda chuo kikuu kutafuta digrii. Nikapangiwa kitanda bwenini, pamoja na wasichana wanaoweza kuwa binti zangu. Wakaniita Mama Bweni. Wakanichagua kuwa mwakilishi wa darasa.

Mwaka wa tatu tukapewa mhadhiri mmoja mwenye cheo kikubwa. Tulimpa jina la Niko Njiani, kwa sababu ndio ujumbe aliotutumia kila siku ya kipindi chake. Muhula mzima alifika darasani mara tatu, na hiyo mara ya tatu alikuja kuomba radhi kwa kutofika. Mwisho wa muhula akabandika alama za jaribio ambalo hakuna aliyelifanya. Mimi nilipata hamsini na nne. Mwenzetu aliyelazwa hospitali muhula mzima alipata sabini.

Nikaandika barua ya malalamiko. Tukatia saini wanafunzi sitini na mmoja, yangu ikiwa ya kwanza. Nikaipeleka ofisini, ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Siku kumi na mbili baadaye mume wangu alikuja chumbani kwangu kupima dirisha. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na chuo kilikuwa kimempa kazi ya kuweka vyuma kwenye madirisha yote ya bweni letu. Matroni akatukuta. Ndipo nikaandikiwa kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, kwa kosa la kukutwa na “mwanamume asiyejulikana”.

Wiki iliyopita niliishia hapo. Leo tunaingia kikaoni.

Barua ilisema saa mbili asubuhi. Saa moja na nusu nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi la ukumbi, viatu vimepigwa rangi, bahasha ya vyeti mapajani. Nilikaa hapo mpaka saa sita ikapita.

Si kwamba kamati haikuwepo. Ilikuwepo tangu saa tatu. Nilisikia vijiko vikigonga vikombe, nikasikia vicheko, nikaona sahani za vitafunio zikiingia zimejaa na kutoka tupu. Mara mbili mlango ulifunguliwa, mtu akanitazama kama anayehakikisha mzigo bado uko palepale, akaufunga.

Kwa kukosa la kufanya nikaitoa hati ya mashitaka nikaisoma tena. “Mnamo siku hiyo wewe ulikutwa ukiwa na mwanamume ndani ya chumba ambacho ndani yake mlikuwemo.”

Nilitoa kalamu nyekundu, mazoea ya kazi, nikapiga mstari. Mtoto wa darasa la nne akiniletea sentensi hiyo namrudisha kwenye dawati. Hawa wanaitwa madaktari na maprofesa.

Saa sita na robo nikaitwa.

Meza ilikuwa ndefu, imefunikwa kitambaa cha kijani. Upande wao viti vilikuwa na migongo mirefu. Changu kilikuwa kifupi, sijui kilikatwa miguu au kilizaliwa hivyo, lakini nilipokaa kidevu changu kilikaribia kugusa kitambaa. Nikasimama. Wakaniambia nikae. Nikakaa, nikazungumza nao kama mtoto anayeomba uji.

Upande wa kulia alikaa mwanasheria wa chuo, kijana mwenye tai nyembamba na faili nene. Upande wa kushoto alikaa mshauri wa wanafunzi, mama wa makamo, macho kwenye kikombe chake. Matroni alikaa pembeni, mkoba magotini.

Katikati, kwenye kiti cha mwenyekiti, alikaa Niko Njiani.

Nilikuwa nimemwona ana kwa ana mara tatu tu maishani. Hii ilikuwa ya nne, na siku hiyo hakuchelewa.

“Mheshimiwa mwenyekiti,” nikasema, “kabla hatujaanza. Mimi ndiye niliyekulalamikia kwa maandishi. Huwezi kuwa wewe unayenihukumu.”

Akamgeukia mwanasheria. Mwanasheria akafungua faili, akalifunga.

“Humu hamna malalamiko yoyote,” akasema.

“Nina nakala. Ina muhuri wenu.”

“Nakala si barua, mama. Barua yenyewe iko wapi?”

“Mnayo nyinyi.”

“Sisi hatuna. Kwa hiyo haipo. Na kama haipo, mwenyekiti hajalalamikiwa. Tuendelee.”

Nimefundisha hesabu za kutoa miaka kumi na minane. Sijawahi kuona kitu kikitolewa upesi namna ile.

Matroni akaitwa atoe ushahidi. Alisimama, akajirekebisha nguo, akaanza kwa sauti ya kanisani.

“Nilikuwa nakagua vyumba. Nikasikia sauti ya mwanamume chumba namba ishirini na tatu. Nikabisha, nikafungua. Nikawakuta katika hali.”

“Hali gani?” mwanasheria akauliza, kalamu tayari.

“Hali ya kiatu kimoja.”

Hata mshauri aliinua uso.

“Yaani huyo mwanamume alikuwa amekaa kitandani,” Matroni akaeleza, “mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Na huyu mama ameushika huo mguu.”

“Alichomwa na kipande cha chuma,” nikasema. “Nilikuwa nakitoa kwa sindano.”

“Utasema wakati wako,” Niko Njiani akanikata.

“Mbona ulifungua bila kuitikiwa?” Hilo lilimtoka mshauri, taratibu, kama vile limemponyoka.

Matroni akamgeukia. “Kwa sababu nilisikia wanacheka.”

“Wanacheka vipi?” mwanasheria akauliza.

“Wanacheka kama watu wanaojuana siku nyingi.”

Nikaona nafasi, nikaingia nayo mzima mzima. “Basi shahidi wenu mwenyewe anasema tunajuana. Huyo asiyejulikana ni nani?”

Niko Njiani akamwambia mwanasheria, “Hilo la kucheka lisiandikwe.” Mwanasheria akapiga mstari kwenye daftari lake. Kicheko changu na mume wangu kikafutwa duniani kwa wino wa bluu.

Zamu yangu ilipofika nikasema kwa ufupi. Mwanamume yule ni mume wangu wa ndoa, tuna watoto watatu, aliingia bwenini kwa kibali cha chuo, ameandikwa kwenye kitabu cha mlinzi wa getini, na alikuwa na futi mkononi. Nikatoa cheti cha ndoa kwenye bahasha, nikakiweka juu ya kitambaa cha kijani.

Nilidhani nimemaliza kazi. Mwanasheria akakisoma, akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

“Kumbe umeolewa.”

“Tangu miaka kumi na tisa iliyopita.”

“Kanuni za bweni, kifungu cha kumi na moja. Bweni ni la wanafunzi wasio na ndoa. Kama huyu ni mumeo, wewe umekaa bwenini miaka mitatu kwa udanganyifu. Adhabu yake ni kufutiwa usajili. Kama si mumeo, umekutwa na mwanamume chumbani. Chagua, mama.”

Mnaona walivyonitegea? Milango miwili, na nyuma ya kila mlango kuna shimo.

“Kwa hiyo mnataka niwe malaya au mwizi wa kitanda,” nikasema.

“Chunga lugha,” Niko Njiani akasema.

“Lugha ninaichunga kwa mshahara, mheshimiwa. Nilipojiunga nilijaza fomu. Nikaandika nimeolewa. Mshauri wa wanafunzi akaniambia hiyo kanuni ni ya zamani, wanafunzi wazima wote wanapangiwa, akatia saini mbele yangu.” Nikamgeukia. “Si ndivyo, mama?”

Mshauri alikizungusha kikombe chake. Kilikuwa kitupu.

“Wanafunzi ni wengi,” akasema. “Sikumbuki.”

“Iko ukurasa wa nane wa faili langu. Naomba mfungue.”

Mwanasheria akafungua, akaligeuza nione, mpole ghafla. Ukurasa wa saba ulikuwa cheti cha afya. Uliofuata ulikuwa wa tisa.

Pale nikaelewa kitu kimoja ambacho nilipaswa kukielewa tangu benchini. Shitaka la kitanda hawakulitaka. Lingemfikia mshauri aliyetia saini, na mshauri angeanza kusema, na akianza kusema nani angemnyamazisha? Walitaka lile lingine, la aibu, lenye mwanamume. Mwanamke mzima akishitakiwa hivyo hakimbilii rufaa. Hukusanya nguo zake na kuondoka kimyakimya kabla habari hazijafika kwao. Na barua yenye saini sitini na moja ingeondoka naye.

“Cheti kina jina,” mwanasheria akasema. “Majina yanafanana. Cheti ni karatasi tu. Bahati nzuri tumemwita mwenyewe.”

Akabonyeza kengele, mlango ukafunguliwa, akaingia mume wangu.

Naomba niseme jinsi nilivyofurahi kumwona, kwa sababu baada ya dakika tatu sikufurahi tena.

Alikuwa amevaa shati lake jeupe la wageni, limefungwa mpaka kitufe cha juu. Ana mikono mikubwa yenye madoa madoa ya cheche, na siku hiyo hakujua aiweke wapi. Jana yake mchana nilimpitia karakana. Alikuwa na madirisha themanini na manne ya kutengeneza, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, ameajiri mafundi watatu wa kumsaidia. Nilimwuliza atasema nini akiitwa. Aliinua miwani ya kuchomelea akanijibu, “Nitasema kweli, Mwalimu. Nina kitu gani kingine cha kusema?” Ndivyo anavyoniita, Mwalimu. Mimi namwita Fundi. Majina mengine ni ya watu wengine.

“Fundi,” Niko Njiani akasema, “unamfahamu huyu mama?”

Mume wangu alitazama dirisha. Nahisi alikuwa analipima.

“Namfahamu kama mwenye chumba,” akasema. “Nilikuja kupima. Nikaumia mguu. Akanisaidia.”

“Ni mkeo?”

Nilisikia feni. Nilisikia kalamu ya mwanasheria ikinyanyuliwa.

“Hapana.”

Sikulia. Watu wangu wanaodhani nililia wakati ule wananipendelea. Nilimchukia. Nakiri hapa kwa sababu sijawahi kumkiria yeye. Kwa pumzi mbili au tatu nilimchukia mtu ambaye nimemfulia, nimemwuguza, nimezaa naye, nikamtakia hayo madirisha themanini na manne yamwangukie yote.

“Asante,” mwanasheria akasema. “Kamati itajadili. Subirini nje.”

Tukatoka. Benchi lilikuwa moja tu, tukakaa wote wawili, mimi huku na yeye kule, kama abiria wasiojuana.

“Mwalimu,” akaanza.

“Unamsemesha nani? Mwenye chumba?”

“Nisikilize kwanza.”

“Miaka kumi na tisa, Fundi.”

“Nisikilize.” Akasogea karibu yangu. “Yule kijana mwenye tai alinifuata asubuhi, nilipokuwa nasubiri getini. Akaniambia anatuonea huruma. Akasema nikitamka kuwa wewe ni mke wangu, wanakufuta chuo kwa ajili ya kitanda, leo hii hii. Lakini nikisema nilikuja kikazi tu, basi, hakuna kesi, utapewa onyo la mdomo urudi darasani. Akaniapia kwa mama yake.”

“Ukamwamini.”

“Ni mwanasheria.”

Nilitaka kucheka. “Fundi, mimi nimeshitakiwa kukutwa na mwanamume asiyejulikana. Wewe umeingia mle ndani umewaambia hatujuani. Umewapa hicho tu walichokuwa wamekikosa.”

Alifikiria. Uso wake nimeusoma tangu nikiwa msichana, na niliona lile jambo likimwingia polepole, kutoka kwenye paji la uso mpaka mdomoni.

“Walisema onyo la mdomo,” akarudia, kwa sauti ndogo.

Chuki yangu ikaniacha palepale, ikahamia mle ndani, kwenye kile kitambaa cha kijani. Na nikakumbuka jambo ambalo sikulipenda. Nikakumbuka mtoto mmoja wa darasa langu, miaka sita iliyopita, niliyemchapa kwa kuiba kalamu kabla sijamwuliza chochote. Kalamu ilikuwa mkobani mwangu. Sikumwomba radhi, niliona haya mbele ya darasa. Mimi pia nimewahi kukaa kwenye kiti chenye mgongo mrefu. Nasema tu, kwa kuwa nimeanza kusema.

Tukaitwa. Majadiliano ya maisha yangu yalikuwa yamechukua dakika tisa.

Niko Njiani alisoma hukumu bila kuinua macho. Imethibitika pasipo shaka. Nimeushushia chuo hadhi. Nasimamishwa masomo miaka miwili, nihame bweni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nakatazwa kuwa mwakilishi wa kitu chochote, na nyaraka zote nilizowahi kusaini kama mwakilishi wa darasa zinahesabika kuwa batili.

Hapo mwisho, mahali pa kufunga kitabu, ndipo ilipokuwa barua yangu. Haikuwepo kwenye faili, lakini walikumbuka kuiua.

“Nina haki ya rufaa,” nikasema.

“Unayo,” mwanasheria akasema. “Ndiyo maana tunataka kila kitu kiwe safi.” Akachomoa karatasi iliyochapwa tayari, akaisukuma mezani kuelekea kwa mume wangu, na kalamu juu yake. “Fundi, ulichosema tumekiandika. Weka saini hapo chini, uendelee na kazi yako. Mafundi wako wanakusubiri.”

Mume wangu akaichukua. Akaitazama muda mrefu.

“Kuna tatizo?” Niko Njiani akauliza, akiangalia saa. Huenda alikuwa na kipindi cha kutokwenda.

“Sisomi upesi,” mume wangu akasema. “Shule niliishia darasa la pili. Kusoma nilikuja kufundishwa ukubwani.” Akageuka, akaninyooshea ile karatasi. “Naomba anisomee aliyenifundisha.”

Matroni akaushika mkoba wake vizuri.

“Umesema humfahamu,” Niko Njiani akasema.

“Nilisema.”

“Sasa amekufundishaje?”

“Kwenye meza ya jikoni,” mume wangu akajibu. “Kwa daftari za watoto.”

Ni kweli. Mwaka wa nane wa ndoa yetu, akiwa na mikono iliyoungua, kila jioni kabla ya chakula, ba be bi bo bu, akiona aibu mtoto asimwone. Sikuwahi kumwambia mtu. Yeye ndiye aliyeona aibu hiyo miaka yote, na leo aliitoa mwenyewe, mbele ya watu wenye digrii tatu tatu, akaiweka mezani.

“Hilo lisiandikwe,” Niko Njiani akamwambia mwanasheria.

Lakini mwanasheria ni mwepesi. Aliona njia kabla ya mkubwa wake. “Fundi,” akasema kwa upole uleule wa getini, “fikiri vizuri. Ukigeuza maneno sasa, umedanganya kamati. Mtu aliyedanganya kamati hawezi kufanya kazi na chuo. Na mtu mwenye mke chuoni hakupaswa kupewa hiyo kazi tangu mwanzo. Saini, twende kula.”

Nikaisoma ile karatasi, kwa sauti, kama ninavyosoma imla. “Mimi fundi nathibitisha kwamba simfahamu mwanamke huyo na wala sijawahi kumfahamu isipokuwa siku hiyo ya tukio ambapo nilimfahamu.” Nikaishusha. “Sentensi inajikanusha yenyewe. Alama mbili kati ya kumi.”

“Anasaini au hasaini?” Niko Njiani akauliza.

Mume wangu alinitazama mimi.

“Mwalimu anasemaje?”

Sasa nasikiliza mnavyoninong'oneza huko mlipo. Najua mnachotaka niwe nimesema. Nimejaribu kukiandika mara tatu asubuhi hii na mara tatu nimekifuta, kwa sababu si kweli.

Niliwaza madirisha themanini na manne. Niliwaza wale mafundi watatu. Niliwaza binti yetu anayeingia sekondari mwakani, na mshahara wangu wa mwalimu ambao ukifika katikati ya mwezi unakuwa hadithi. Mimi nimeshafukuzwa, nikajiambia. Anaweza kubaki mmoja wetu.

“Saini,” nikamwambia.

Mwanasheria akashusha mabega. Niko Njiani akaanza kupanga karatasi zake.

Mume wangu akavuta karatasi, akainama, akaandika.

Jina lake lina herufi saba. Huwa analiandika kwa kukaza mdomo, kama anapounga kona ya chuma, na nimezoea muda wake. Muda huo ukapita. Kalamu ikaendelea. Ilikwenda mpaka ukingoni, ikashuka, ikaanza mstari wa pili, ikaanza wa tatu.

Mwalimu wa watoto huzoea kusoma daftari lililopinduliwa, kwa sababu unasimama mbele ya dawati. Nikasoma. Herufi kubwa kubwa, zinapanda na kushuka.

“Huyu ni mke wangu. Nilisema uongo kwa sababu mwanasheria wa chuo alinidanganya getini leo asubuhi. Kazi yenu chukueni.”

Chini yake akatia saini, kama alivyoambiwa.

Mwanasheria aliivuta akitabasamu, akaisoma, tabasamu likabaki usoni bila kazi. Akamsogezea Niko Njiani. Niko Njiani akaisoma mara mbili, akaigeuza kuangalia nyuma kama vile huko kuna nyingine iliyo nzuri zaidi.

“Hii itachanwa,” akasema. “Wote mtatoka humu mkiwa mmesaini nyingine.” Akaiweka mezani, akaifunika kwa kiganja, akamwambia mshauri wa wanafunzi, “Mama, funga huo mlango.”

Simu yake ikalia mfukoni. Akainua kiganja kuitafuta.

Mshauri alinyanyuka. Tangu asubuhi hakuwa ameniangalia usoni. Alizunguka meza polepole, akapita nyuma ya mwenyekiti, akapita kwangu, akanitazama kwa mara ya kwanza, na nakuapieni sikuweza kusoma kilichokuwa usoni pake, mimi ninayesoma mpaka vilivyopinduliwa. Akafika mlangoni.

Alifunga, kama alivyoambiwa. Ila alifunga akiwa upande wa nje.

Tulisikia ufunguo ukizunguka mara mbili. Tulisikia viatu vyake vikienda mbio kwenye ukumbi, mama wa makamo ambaye sikuwahi kumwona akitembea haraka.

Mwanasheria alikuwa wa kwanza kutazama meza. Pale kiganja kilipokuwa, kitambaa cha kijani kilikuwa kitupu.

“Karatasi iko wapi?” akauliza.